Nyumba Yenye Miguu Majini

Wigi jipya lina harufu yake. Si mbaya wala si nzuri. Ni gundi, ni plastiki, na kwa mbali dawa ya nondo, kama nguo iliyofungiwa sandukuni tangu Idi iliyopita. Mama Furaha akifungua pakiti pale saluni kwake Rosettenville, huku kusini kwenye migodi ya dhahabu, hata nikiwa nimekaa mlangoni na upepo wa barabarani unaingia, naipata. Wenzangu wa rika langu kila mmoja ana harufu inayomrudisha kwao. Mwingine ni udi, mwingine ni mkate wa kumimina. Mimi ni wigi. Sikuchagua.

Pale saluni naenda kila Jumamosi, kwa sababu Mama Furaha ana intaneti isiyokatika, na mjukuu wangu Salma hupiga simu ya picha saa mbili asubuhi. Salma yuko Korea, anasoma. Walimpa nafasi ya masomo akaenda, na huu ni mwaka wa pili. Nimemlea mimi tangu hajaota meno, maana binti yangu, mama yake, alifariki mapema. Chumba chetu Turffontein kina vitanda viwili, na kimoja sasa nimekipanga vitambaa vya kushona. Salma ndiye mtu niliye naye. Nasema haya mwanzoni ili msomaji asije akafikiri kwamba bibi kizee analilia picha ya boksi. Silii picha ya boksi.

Jumamosi ninayoisema, mijakaranda ilikuwa imeanza kumwaga maua njia nzima. Mama Furaha alikuwa anatoa mawigi mapya na kuyavika vile vichwa vya plastiki ukutani. Yeye ni mtu wa Bukavu, mwili mkubwa, mdomo haupumziki, na bibi kwao ni koko.

"Koko, unaangalia sana," akaniambia. "Nikuvalishe moja?"

"Sina kichwa cha wigi."

"Kila kichwa iko ya wigi, Koko. Ni roho tu ndiyo inakatala."

 Ningemwambia kwamba nimewahi kulala kitanda kimoja na mawigi kumi na mbili, nikiwa sijafika hata kimo cha kiti chake, asingeamini.

Nilizaliwa Tanga, Ngamiani, katika nyumba ya bibi yangu mzaa mama, Bi Nuru. Tulikuwa watatu tu: Bibi, Mama na mimi. Mama alikuwa anauza mawigi. Siku hizo ndiyo yalikuwa yameingia, na kila mwanamke aliyejiona mtu wa mjini alilitaka: manesi, wapiga chapa, wanawake waliokwenda dansi Jumamosi. Mama alikwenda kuyachukua Mombasa, akarudi nayo kwa basi, kila moja ndani ya boksi lake bapa la karatasi ngumu. Chumba chetu kilikuwa kidogo, kwa hiyo maboksi yalipangwa upande wa ukutani wa kitanda, Mama akalala ukingoni, mimi katikati. Usingizi wangu wote wa utoto ulinuka gundi na dawa ya nondo.

Juu ya kifuniko cha kila boksi kulikuwa na maandishi ya kigeni na picha, ile ile moja. Bwawa la maji ya kijani, lenye pembe nne zilizonyooka kama meza. Katikati ya bwawa kisiwa cha duara, na juu ya kisiwa mti mmoja uliopinda. Pembeni kijumba chenye paa lililoinua ncha zake, na kijumba hicho kilikuwa kimetoa miguu miwili ya mawe na kuitumbukiza majini, kama mtu aliyechoka anavyoloweka miguu kwenye beseni. Ng'ambo, juu ya kilima kilichokatwa ngazi ngazi, nyumba kubwa ya ghorofa, madirisha yamefungwa. Na mbele ya nyumba hiyo, lango. Pembeni mwa lango kulikuwa na vimlango viwili vifupi sana, na mimi nilijua tangu siku ya kwanza kwamba vile vimetengenezwa kwa ajili ya watoto.

Mle niliingia kila siku. Mama akiwa kwa wateja na Bibi akipepeta mchele uani, mimi nililala kifudifudi na boksi, nikazunguka bwawa, nikapita kimlango changu. Nilijua ni nyumba ya mfalme. Hakuna aliyeniambia, ila nilijua, kwa sababu hapakuwa na nguo zilizoanikwa popote.

Siku moja Mama alikuwa analichana wigi refu, ameliweka gotini. Nikamuuliza, "Mama, hizi nywele za nani?"

"Za wanawake."

"Wamekufa?"

"Hawajafa. Wamezikata, wakaziuza."

"Kwa nini?"

"Shida."

"Wanakaa wapi?"

Mama alikuwa amebana kibanio mdomoni. Akakigonga kifuniko cha boksi kwa kitana, ko ko, kama mtu anayebisha hodi. "Humu," akasema. "Na ukiendelea kuuliza, watakusikia."

Alikuwa anatania. Lakini mimi toka siku ile niliwaweka pale. Wanawake wote wasio na nywele walikaa ghorofani katika ile nyumba kubwa, madirisha yamefungwa kwa sababu wanaona haya kuonekana na vipara. Kijumba chenye miguu majini kilikuwa cha kuoshea kichwa. Jioni walishuka mmoja mmoja, wakaosha, wakapanda tena, wakasubiri ziote.

Sasa niseme nilichofanya. Nilikuwa na mwanasesere wa matambara, na hakuwa na nywele. Siku moja nikatoa wigi fupi la rangi ya tende kutoka katika boksi la chini kabisa, nikalikata kwa mkasi wa Bibi, nikashona fungu moja kichwani kwa mwanasesere. Lilishonwa vibaya, likadondoka siku ya pili. Wigi lililobaki nikaliingiza ndani ya godoro la sufi, mahali palipokuwa na tundu, nikarudisha boksi tupu mahali pake.

Haikupita muda mrefu mawigi yakapigwa marufuku. Wengi wa umri wangu wanakumbuka: wigi, sketi fupi na dawa za kuchubua ngozi, vyote vilikatazwa kwa pamoja. Vijana walisimama njia panda kukagua wanawake. Mbele ya nyumba yetu nesi mmoja, mteja wa Mama, alivuliwa wigi kichwani mchana kweupe na likatupwa mtaroni. Chini yake alikuwa na mabutu manne. Akayashika kwa mikono miwili, kama mtu aliyevuliwa nguo, akaingia kwetu akalia mpaka alasiri. Baada ya hapo hakuna aliyekuja kununua. Mama alikaa na maboksi yake, siku nyingi.

Alfajiri moja nikaamka nimelala peke yangu. Ukuta ulikuwa wazi. Mama alikuwa sebuleni anafunga maboksi kwa kanga, na kila moja anainua kifuniko kwanza. Akasimama.

"Moja halimo," akasema.

"Wameliiba wale vijana," Bibi akasema.

"Hawajaingia ndani wale."

"Basi umeuza ukasahau."

Mama akanitazama. Mimi nikatazama miguu yangu. Akanipa lile boksi tupu, akasema, "Haya, tia vifungo vyako." Kisha akabeba mzigo kichwani, na pale mlangoni akamwambia Bibi neno ambalo nilikaa nalo miaka.

"Nakwenda kuzirudisha nywele kwa wenyewe."

"Na wewe urudi," Bibi akasema.

"Nitarudi, mama."

Hakurudi wiki ile, wala mwezi ule. Bibi akiulizwa na majirani alisema, "Yuko kwenye shughuli zake." Mimi sikuuliza, kwa sababu mimi nilikuwa najua kila kitu. Mama alikuwa amefika. Alipita lango, akapanda ghorofani, akawapa wale wanawake nywele zao, kila mmoja zake, na wakafurahi. Halafu mmoja akabaki mikono mitupu. Wa rangi ya tende. Wakamwuliza Mama, "Za huyu ziko wapi?" Mama akafungua maboksi yote, hamna kitu. Kwa hiyo walimkata za kwake, wakampa yule mwanamke, na sasa Mama alikuwa amekaa dirishani na kipara kama wao, anasubiri ziote ili apate uso wa kurudi nyumbani. Mimi ndiye niliyemweka pale. Wigi lilikuwa ndani ya godoro, nalilalia.

Wigi lenyewe nisingeweza kulipeleka, nilikuwa nimeliharibu. Nikaamua nitatoa za kwangu. Nilikuwa na nywele nzuri, nyingi, za kuvutika. Kila asubuhi kabla ya kwenda chuo cha Kurani nilisimama mbele ya kipande cha kioo, nikavuta unywele mmoja wa pembeni kuona umefika wapi. Ulifika sikioni. Ukapita sikio. Bibi akitaka kunipunguza nilikimbia, nikamwambia Mama alisema zisikatwe. Ulifika kidevuni. Nilikuwa nimeweka mpaka: ukigusa bega, nakata.

Haukugusa bega. Mapunye yalikuja mtaani, yakapita kichwa kwa kichwa, yakafika kwangu. Bibi akaona duara moja jeupe nyuma ya sikio, akaenda kuchukua wembe na bakuli la maji. Nilipouona wembe nikapiga kelele ambazo barabara nzima walisikia. Bibi yangu hakuwa mtu wa kubembeleza. Alinikalisha chini, akanibana kichwa kwa magoti, akaninyoa mpaka paliposafika, akanipaka dawa ya zambarau. Nikawa kama biringanya. Nywele akazikusanya zote kwenye karatasi, kwa sababu kwetu nywele hazitupwi ovyo, mtu mbaya anaweza kuziokota akakufanyia jambo. Akachimba chini ya mpapai uani, akafukia.

Alipoingia kuswali adhuhuri, nikafukua. Nilichimba kwa kifuu cha nazi. Nikazitia ndani ya boksi, na mchanga wake, na magamba ya mapunye yake. Nilijua herufi chache. Nikaandika kwa mkaa juu ya maji ya kijani: MAMA. Kisha nikaenda kituo cha mabasi.

Basi la Mombasa liliendeshwa na Mzee Salehe, jirani yetu, mtu mpole aliyezoea kutubebea salamu. Alikuwa anakula chungwa kando ya basi, abiria wamemzunguka.

"Mzee Salehe, shikamoo. Bibi hajui. Naomba umpelekee mama huu mzigo."

"Marahaba. Mama yako nitamwona wapi mie, Mombasa kubwa?"

"Wewe uwape wanaopeleka mbele. Kuna picha, wataijua."

"Kuna nini humu?"

"Nywele."

Chungwa likasimama njiani. "Nywele za nani?"

"Za kwangu. Zilifukiwa, nimezifukua."

Waliokuwa karibu wakarudi nyuma, wote kwa pamoja, kama boksi lina nyoka. Mwanamke mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursi. Mwingine akasema, "Mtoto kapakwa rangi kichwani, mnaona wenyewe." Mzee Salehe akaniuliza polepole, "Mjukuu, nani kakutuma? Sema kweli." Nikasema sikutumwa. Hakuna aliyeamini. Mtoto mwenye kichwa cha zambarau, anapeleka nywele zilizofukuliwa nchi ya watu, ndani ya boksi lenye maandishi yasiyosomeka, na hakutumwa na mtu. Kwa Tanga ya wakati ule hiyo ilikuwa na jina moja tu.

Walinirudisha nyumbani kundi zima. Mzee Salehe alilibeba boksi kwa vidole viwili, mkono kaunyoosha mbali na mwili. Bibi alikuwa anapika. Akasikiliza maneno yao yote, yule mwanamke akauliza kwa sauti kama Bi Nuru siku hizi anatengeneza watu. Bibi akapokea boksi, akalifungua mbele yao, akaingiza mkono mzima ndani. "Nywele za mjukuu wangu," akasema. "Ana mapunye. Anayetaka kuziogopa, aziogope kwake." Akafunga mlango.

Nilijua nitapigwa. Badala yake akakaa juu ya kibao cha mbuzi, boksi mapajani.

"Ulikuwa unampelekea nani?"

Nikamweleza yote. Wanawake wa ghorofani, wigi la rangi ya tende, godoro. Nilisema nalia, maneno yanagongana. Bibi alikaa anatazama ile picha, nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuitazama. Wali ukaungua, hakuinuka.

"Kwa hiyo mama yako wamemshika," akasema.

"Ndiyo."

"Sikiliza. Mama yako hajashikwa na mtu. Hakuna aliyemfungia. Ana miguu yake, na mlango uko wazi."

Nimezaa, nimezika, nimevuka mipaka mitatu na cherehani kichwani, lakini sijapata kuambiwa habari iliyonifurahisha kama ile. Hajashikwa. Basi si kosa langu. Basi anakuja. Niliruka pale jikoni na kichwa changu cha zambarau, nikaenda kukaa barazani kuangalia njia. Nilikaa siku ile, na ya pili, na ya tatu. Bibi aliniletea chakula palepale barazani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ijumaa akanikalisha katikati ya magoti yake na kunipaka mafuta ya nazi kichwani, kichwa hakina hata unywele mmoja, akakikanda muda mrefu mno.  Nikadhani ni dawa.

Maneno yale ya Bibi yalinichukua miaka mingi kuyasikia sawasawa. Nilikuwa tayari nimeolewa nilipokwenda Mombasa kumtafuta Mama, nikamkuta. Ana nyumba, ana mume, ana watoto wengine wanne. Alinipikia chai, akauliza habari za Bibi ambaye tulikuwa tumeshamzika, akanipa doti ya kanga. Nywele zake zilimfika kiunoni. Nikamuuliza juu ya boksi lenye bwawa. Alifikiri kwa dhati, sikumwona akidanganya.

"Maboksi yalikuwa na picha?" akasema.

Sikumchukia. Nilirudi na kanga zangu. Boksi lenyewe mchwa walishalila zamani, chini ya kitanda cha Bibi, na mimi maisha yakanibeba mpaka huku kwenye dhahabu ya watu. Lakini lile bwawa halikunitoka. Nikiumwa homa, nilikuwa natembea kandokando yake.

Basi, tuko pale saluni, simu ikalia. Mama Furaha akaisimamisha kwenye kioo ili sote tuone.

"Shikamoo, Bibi. Unaniona?"

"Marahaba. Naona kofia." Alikuwa amevaa kofia ya sufu mpaka nyusi.

"Baridi, Bibi. Leo nakupeleka kwa mfalme."

"Mfalme gani?"

"Alikufa kitambo. Nyumba zipo. Na bustani yao ya nyuma, ya siri, huwezi kuingia peke yako, lazima umfuate yule dada." Akageuza simu, nikaona mwanamke kavaa gauni refu lililofungwa mkanda kifuani, ameshika kibendera, na kundi la watu nyuma yake. Njia ilipita katikati ya miti, majani mekundu na ya manjano, yanaanguka taratibu. Hapa kwetu majira ya mvua yanaanza, kule miti inavua nguo. Mama Furaha akasema, "Eish, pazuri. Kama Kivu, lakini wamefagia."

Njia ikateremka. Miti ikaachana.

Bwawa la pembe nne. Kisiwa cha duara, msonobari uliopinda juu yake. Na pembeni, kijumba kimetia miguu miwili majini.

Sikumbuki kusimama, ila nilikuwa nimesimama.

"Salma. Simama hapo hapo."

"Bibi, watu wanatembea."

"Nimesema simama. Upande wa pili, juu, kuna nyumba ya ghorofa. Nionyeshe."

Simu ikageuka. Ilikuwepo. Kilima kimekatwa ngazi ngazi, lango, vimlango. Kumbe mawigi ya Mama yalikuwa yametoka Korea.

"Umejuaje, Bibi? Sijakuonyesha."

"Hivyo vimlango vya watoto. Sogea karibu."

Yule dada wa kibendera alikuwa anasema, na Salma akanifasiria. "Si vya watoto, Bibi. Lango la katikati alipita mfalme peke yake. Hivi vifupi ni vya watu wengine. Vifupi makusudi, ili lazima uiname."

Nikameza hilo.

"Ghorofani kuna nani?"

"Nani?"

"Ghorofani. Madirisha yako wazi leo. Kuna nani?"

 Salma ananijua, anajua siulizi mambo ya kipuuzi. "Hakuna mtu, Bibi. Hairuhusiwi kupanda. Anasema zamani walikuwa wanaweka vitabu. Chini vitabu, juu walikaa kusoma na kutazama maji."

Vitabu. Miaka yote ile nilikuwa nimewaweka pale wanawake wasio na nywele, na mama yangu katikati yao, ananisubiri. Kumbe makabati ya vitabu. Mimi niliyeishia darasa la nne. Niliyatazama madirisha yale, moja baada ya jingine, kutoka kushoto kwenda kulia. Nilikuwa najua hayupo. Niliyatazama yote.

"Koko, kaa chini," Mama Furaha akaninong'oneza, akanisukumia kiti.

"Bibi," Salma akasema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Kuna kitu nataka kukuomba."

Mtoto huyu akiogopa hujikuna kichwa, tangu akiwa mdogo. Akainua mkono akajikuna, na kofia ikaanguka.

Hapakuwa na nywele. Yaani zilikuwepo, kimo cha ukucha. Kichwa chake chote kilionekana, na lile kovu alilolipata pale kona ya robot, zile taa za barabarani, akiwa darasa la tatu.

"Salma. Nywele zako ziko wapi?"

"Nilikata, Bibi. Huku hakuna wa kunisuka."

"Mimi nilimusuka masaa sita mbele ya kupanda ndege," Mama Furaha akasema kwa uchungu. "Masaa sita, weye mutoto. Mugongo ingali inaniuma."

"Pole, Mama Furaha."

"Ulizipeleka wapi?" nikauliza.

"Zipi?"

"Ulizokata."

"Sijui, Bibi. Walifagia."

Nyuma ya kichwa chake kile bwawa lilikuwa limetulia, kijumba kimeloweka miguu. Picha nzima ilikuwa imerudi, rangi zile zile, na mara hii ndani yake mlikuwa na mtu wangu, amenyolewa.

"Omba unachoomba," nikamwambia.

"Nimemaliza vizuri mwaka huu. Wananipa nafasi niendelee. Miaka mitatu zaidi. Sijajibu. Nimesema namuuliza bibi yangu kwanza."

Yule dada wa kibendera alikuwa ameanza kuondoka na watu wake. Salma hakumfuata. Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na kitanda chenye vitambaa. Nilikuwa na neno rudi, liko mdomoni kabisa, na nilijua nikilisema atarudi, maana nimemlea hivyo.

"Kuna mtu kakushika huko?" nikauliza.

"Hapana, Bibi. Hakuna mtu amenishika."

"Mlango uko wazi?"

"Uko wazi, Bibi. Nataka mwenyewe."

Ndipo nikamfahamu Bi Nuru, pale juu ya kibao cha mbuzi, wali unaungua. Jinsi ilivyomgharimu kusema sentensi ile na uso mkavu. Nami nikaukausha wa kwangu.

"Basi soma," nikasema. "Okota kofia, utapata mafua. Na watu wako wanakuacha."

Akacheka, analia. Akainama kuokota kofia, na alipoinama nilimwona mbele ya kile kimlango kifupi, sawasawa na kimo chake. Simu ikakatika.

Mama Furaha alikuwa ananitazama, kitana mkononi. "Koko, macho."

"Ni harufu ya mawigi yako."

"Miaka kumi unakaa humu, leo ndiyo harufu?"

"Leo ndiyo harufu."

 Akachukua wigi la mwisho, la rangi ya tende, akalivika kichwa cha plastiki kilichobaki, nami nikaondoka kabla sijaligusa.

Tangu siku ile, kila Jumamosi kabla hatujaamkiana, namwambia Salma avue kofia asogee karibu na simu. Anafikiri nakagua kama anatumia mafuta niliyomtumia. Anavua, ananigeuzia kichwa upande mmoja, kisha wa pili, na mimi namwambia avute unywele mmoja wa pembeni, anyooshe.

Jumamosi iliyopita ulikuwa umefika sikioni.